Kulipa Ili Uchoke

Mama yangu anakaa Chumbageni, Tanga, na kwa kawaida hubipu tu, nimpigie mimi. Siku hiyo ya Agosti 2023 alipiga kwa salio lake mwenyewe, nikajua kuna jambo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha hakuzunguka.

"Kaka yako kanambia unakwenda Ufaransa kuendesha baiskeli kilomita elfu moja na mia mbili. Wanakulipa kiasi gani?"

"Hawanilipi, mama. Mimi ndiye niliyewalipa."

Simu ikawa kimya hadi nikadhani imekatika.

"Kwani huko mabasi yamekwisha?"

Swali hilo nimelibeba tangu siku ile. Wenzangu kazini huniuliza jambo hilo hilo kwa upole zaidi: hizi mbio za masafa marefu kupita kiasi, kiingilio chake kina thamani kweli? Mimi ni nesi, nafanya zamu za usiku katika wadi ya wazee huko Leicester, Uingereza. Sina fedha za kuchezea. Lakini pia nimezaliwa Tanga, mji ambao baiskeli ni kama kandambili, kila nyumba ina yake. Marehemu baba alikuwa na Phoenix nyeusi yenye keria ya chuma. Mbele, kwenye bomba, nakaa mimi. Nyuma linafungwa gunia la machungwa ya Muheza. Hatukumlipa mtu, na tulifika.

Kwanza nieleze mbio zenyewe, maana si zile za kwenye televisheni zenye magari ya timu na mtu wa kukupa chupa ya maji dirishani. Zipo za aina nyingi. Ile ya Transcontinental, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Mwingereza Mike Hall, huvuka Ulaya kwa kilomita elfu nne hivi. Mwendeshaji hujitafutia njia, chakula na pa kulala. Msaada wa rafiki hauruhusiwi, hata wa kukushikia pampu. Hall mwenyewe aligongwa na gari akafa mwaka 2017, akiwa katika mbio nyingine za namna hiyo huko Australia. Ipo Race Across America, iliyoanza mwaka 1982, ya karibu kilomita elfu tano kutoka pwani ya magharibi ya Marekani hadi ya mashariki. Hapo mambo ni kinyume: lazima uwe na kikosi chako na magari ya kukufuata usiku na mchana. Na ipo Tour Divide, kutoka Banff, Kanada, kushuka milima ya Rocky hadi mpaka wa Mexico, kilomita 4,400 hivi. Hiyo haina kiingilio hata senti, wala haina zawadi. Siku ya kuanza watu hujitokeza, wakaondoka.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba bila kulipa huwezi kushiriki mashindano ya namna hii, mwulize habari za Tour Divide.

Mimi nilikwenda Paris–Brest–Paris. Ni kongwe kuliko hizo zote. Ilianza mwaka 1891, gazeti la Le Petit Journal likitaka kuuza nakala, na mshindi wa kwanza, Charles Terront, alimaliza kwa saa 71 na dakika 22 juu ya baiskeli ambayo leo hata muuza mkaa angeinunia. Wakati ule yalikuwa mashindano hasa. Mabingwa wa kulipwa walishindana kwa mara ya mwisho mwaka 1951. Siku hizi ni ya watu wa kawaida, kila baada ya miaka minne, chini ya klabu ya Audax Club Parisien. Hakuna mshindi anayetangazwa. Una saa 90 za kwenda Brest, ukingoni mwa bahari, na kurudi. Sisi wa Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo. Sikujua kwamba siku moja ningeutimiza Brest: niliingia Jumanne mchana, nikala, nikanawa uso, nikaondoka.

Sasa daftari la gharama. Nesi huandika kila kitu, na mimi niliandika. Baiskeli ya mtumba, pauni 650. Dainamo ya ndani ya gurudumu la mbele na taa zake, pauni 310, maana bila taa za kuaminika hawakuruhusu kuanza. Tairi mbili na tyubu sita, 118. Treni, meli ya kuvuka kutoka Portsmouth na malazi, 420. Halafu kuna safari za kufuzu: huandikishwi hadi umalize, katika mwaka huo huo, kilomita 200 ndani ya saa 13 na nusu, 300 ndani ya saa 20, 400 ndani ya saa 27, na 600 ndani ya saa 40. Kiingilio cha hizo nchini Uingereza ni pauni chache tu, pamoja na chai na maharage juu ya mkate wa kuchoma katika ukumbi wa kijiji. Ila kufika hapo kwenye ukumbi wa kijiji saa kumi na moja alfajiri, huku treni hazijaanza, hiyo ndiyo gharama. Na zamu za ziada nilizozikataa mwaka mzima sikuziandika, kwa sababu ningeziandika nisingekwenda.

Kiingilio cha Paris–Brest–Paris chenyewe kilikuwa chini ya bei ya taa zangu. Na hakikunipa chakula. Katika vituo unapanga foleni na sahani yako na unalipa, kitanda nacho unakilipia. Kuuliza kiingilio peke yake, basi, ni kama kuuliza bei ya kadi ya harusi ukasahau michango.

Je, kilininunulia nini? Nitasimulia kituo kimoja tu.

Villaines-la-Juhel ni kijiji cha kilomita mia mbili na kitu kutoka mwanzo, na unakipita mara mbili. Kwenda nilikipita bado nina akili. Kurudi nilifika nikiwa nimelala jumla ya saa tano katika siku tatu. Usiku uliotangulia, kwenye barabara yenye mashamba ya mahindi pande zote, nilikuwa nimemwona muuza madafu amesimama na toroli lake, nikapunguza mwendo ili nimwagize. Kazini nawaandikia wazee wanaoona vitu kama hivyo. Sikujua kwamba vinaonekana wazi namna ile, hadi panga lake nililiona. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa havina hisia. Makalio siyasemi, msomaji anaweza kuwa anakula.

Kijiji kizima kilikuwa barabarani. Wamefunga mtaa kwa vizuizi, wanapiga makofi, kuna mtu na kipaza sauti. Nilitoa kadi yangu ya mihuri ya vituo kwenye mfuko wa plastiki, imelowa jasho, na bibi mmoja wa umri wa mama yangu akaigonga muhuri, akaandika saa kwa kalamu, akapuliza wino ukauke. Alipuliza taratibu, kama mtu anayepoza uji wa mtoto. Kisha nikaenda kuchukua chakula, na nilipoinua sinia mikono ikatetemeka, supu ikamwagika. Mtoto wa kike, miaka tisa au kumi, akaja akaninyang'anya sinia. Ndiyo kazi ya watoto wa pale, kubeba masinia ya waendeshaji hadi mezani. Alinitangulia akitembea kwa uangalifu mkubwa, ulimi nje, akaweka sinia, akanivutia kiti. Nilimshukuru kwa Kiswahili. Sikuwa na lugha nyingine iliyobaki.

Nililia pale mezani, na sitaki kumdanganya mtu kwamba ni kwa sababu ya uzuri wa binadamu. Usingizi ukipungua hivyo machozi hutoka yenyewe, hata kwa tangazo la sabuni. Lakini nilijua pia kwamba yule bibi na yule mtoto walikuwa pale kwa ajili ya saa iliyopangwa, na kwamba saa hiyo ikipita meza itafungwa. Ndicho nilichokuwa nimelipia. Barabara ni ya serikali ya Ufaransa, ningeweza kuipita bure mwezi wowote. Ila nisingekuta mtu macho na muhuri mkononi, wala nisingekuwa na sababu ya kuamka kwenye sakafu ya ukumbi wa shule saa tisa usiku. Ningejiambia bado kidogo, na ningelala hadi jua.

Nilianza Jumapili saa moja jioni kutoka Rambouillet, na nilirudi hapo Alhamisi saa tano na dakika arobaini asubuhi. Saa 88 na dakika 40. Mlango ungefungwa saa saba mchana.

Mwaka uliofuata nilipata somo la upande wa pili. Nililipia mbio nyingine, kilomita mia saba katika milima ya Wales, kiingilio mara tatu ya kile cha Ufaransa. Sitaitaja. Nilipewa kofia, stika, na kifaa cha setilaiti cha kuonyesha ulipo, ili jamaa zako wakufuate kwenye ramani kama nukta. Betri ya kifaa changu ilikufa siku ya kwanza. Kaka yangu Tanga akakesha akiitazama nukta iliyosimama juu ya mto, hadi akampigia simu mume wangu kumpa pole. Nilipofika mwisho, saa nane usiku, geti lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Nilipata ujumbe wa simu wenye alama ya makofi. Nikalala kwenye kibanda cha basi, nikiwa na kofia yangu mpya.

Wapo watakaosema mbio za kujitegemea ndivyo zilivyo, na huko ndiko heshima yake. Nawaheshimu. Mwaka 2019 Mjerumani Fiona Kolbinger, mtafiti wa saratani wa miaka 24, alishinda Transcontinental mbele ya wanaume wote, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo: kutoka Burgas, Bulgaria, kwenye Bahari Nyeusi, hadi Brest hiyo hiyo nilikonawa uso mimi, kwa siku 10 na saa chache. Kwa mtu wa kiwango chake kiingilio ni haki, kwa sababu kinamletea wapinzani wa kupimana nao na mwamuzi wa kusema nani kaiba njia. Sisi wengine tunaoshindana na saa ya ukutani tunahitaji kitu kingine.

Race Across America kwa mtu wa mshahara nasema wazi, hapana. Kiingilio cha mwendeshaji wa peke yake ni maelfu ya dola, na hapo hujakodi gari, hujalisha kikosi, hujawalipia hoteli. Halafu kuna shingo. Mbio hizo zimetoa jina la ugonjwa: shingo ya Shermer, kutokana na Michael Shermer, mmoja wa wanne waliozianzisha. Misuli ya nyuma ya shingo inachoka hadi kichwa kinaanguka kifuani, hakiinuki. Waendeshaji wamewahi kukishikilia kidevu kwa mkono, au kufungiwa vijiti na kamba, ili waone barabara. Nimewahudumia wazee wenye vichwa vya namna hiyo na najua inavyouma. Siwezi kuuza kiwanja ili niipate nikiwa na miaka arobaini na mitatu.

Mama nilimjibu mwaka ule ule wa 2023, Desemba, nilipokwenda likizo. Nilimpa kadi yenyewe aishike. Aliigeuza, akahesabu mihuri kwa kidole, akauliza kila mmoja ni wa nani. Nilipofika wa Villaines nikamwambia habari ya yule bibi na wino. Akasema, "Huyo kafanya kazi." Halafu akauliza kama kadi kama ile haiwezi kuchapwa hapo mjini kwa bei nafuu.

Inaweza. Mtu wa steshenari alizichapa hamsini. Kwa hiyo Jumamosi ya kwanza ya Januari tuliondoka sita kutoka uwanja wa Tangamano, saa kumi na moja alfajiri, kwenda Korogwe na kurudi, kilomita mia mbili kasoro kidogo. Baiskeli za aina zote. Kijana mmoja alikuwa na ile ya kubebea maji, ameifungua keria apunguze uzito. Muheza aligonga muhuri mwenye duka la vipuri, Segera mama lishe aliyetukopesha muhuri wa kijana wa M-Pesa, Korogwe mjomba wangu ambaye hana muhuri, alitia sahihi. Mama aliweka kiti chake mlangoni Chumbageni tangu saa tisa alasiri, kalamu sikioni. Wanne walifika kabla ya saa kumi na mbili na nusu jioni. Wa tano alifika na dakika kumi zaidi, na mama alikataa kumwandikia.

Wa sita alipanda basi Segera. Kumbe hayajakwisha.

Tutafanya tena Januari, Jumamosi ya kwanza. Kiingilio ni shilingi elfu tatu: kadi, chai na mihogo Korogwe. Njoo na taa mbele na nyuma, tyubu ya akiba na viraka. Ukichelewa usimbembeleze mama.