Kiwavi wa mndimu mjueni kabla ya kumpulizia dawa

Jirani zangu hapa Ziwani wakiona kiwavi kwenye mndimu hukimbilia dawa. Jamani, mtazameni kwanza. Akiwa mdogo utadhani ni kinyesi cha ndege. Akikua huwa kijani, hana manyoya wala hawashi. Mguse kidogo, atachomoza kisogoni pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Huyo ndiye atakayekuwa kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano. Kwetu Pwani, pale Gede, mradi wa Kipepeo ulioanza 1993 hununua mabundo (pupa) yanayofugwa na wanavijiji wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, yakauzwa ng'ambo. Mti mkubwa humstahimili. Mche mchanga ndio huachwa uchi. Hapo mtoe kwa mkono, mhamishie mti mwingine.