Mtambo Ukigoma Siku ya Kura

Katika mikutano ya elimu ya uraia kuna swali ambalo hatukosi kuulizwa, na mara nyingi huulizwa na wazee: "Mtambo ukikataa kidole changu, nirudi nyumbani?" La, usirudi. Lakini jibu hilo fupi halimtoshi mtu aliyeamka saa 10 alfajiri, akatembea hadi shule ya msingi iliyo karibu naye, akasimama foleni, kisha akaambiwa hatambuliki. Ni vyema ajue mtambo ule uliletwa kwa nini, hugoma kwa sababu zipi, na ukigoma sheria inasema afanyiwe nini. Hayo ndiyo tunayotaka kuyaeleza hapa, kwa kutumia yaliyotokea Kenya katika chaguzi za karibuni.

Tuanze nyuma kidogo. Wasomaji wetu wenye mvi wanaukumbuka mwaka 1988, wakati wagombea wa KANU walipoteuliwa kwa mlolongo. Wapiga kura walipanga mstari nyuma ya mgombea wao au ajenti wake, wakahesabiwa, wakaenda zao. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa amepita bila kupingwa. Viongozi wa makanisa walikuwa wameupinga utaratibu huo tangu ulipotangazwa mwaka 1986, kwa hoja kwamba mchungaji hawezi kusimama hadharani nyuma ya mmoja wa waumini wake na kumpa kisogo mwingine. Hoja ilikuwa nzuri. Ila mlolongo ulikuwa na ubaya mwingine ambao kwetu ni mkubwa zaidi: watu wakishatawanyika, hakuna kitu cha kuhesabu tena. Mstari mrefu uliweza kutangazwa kuwa mfupi, na aliyelalamika hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha. Jambo hili tafadhali likumbuke, kwa maana litarudi tutakapofika kwenye kompyuta.

Mwaka 2007 karatasi zilikuwapo, lakini hesabu yake haikuaminika. Baada ya uchaguzi wa 27 Desemba watu zaidi ya 1,000 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao. Tume iliyoongozwa na jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini ilichunguza mambo hayo mwaka 2008, ikasema kuwa rekodi zilikuwa zimechafuka kiasi kwamba haikuwezekana kujua kwa hakika nani alishinda. Daftari la wapiga kura lilikuwa na majina ya marehemu wengi, na matokeo yalijumlishwa kwa mkono na watu waliochoka. Ndipo teknolojia ikapendekezwa, na ndiyo maana leo unaombwa kidole.

Mitambo ya 2013

Katika uchaguzi wa 4 Machi 2013 kulikuwa na mifumo mitatu, na wengi huichanganya. Wa kwanza ni ule wa kuandikisha wapiga kura kwa picha na alama za vidole, na huo ulifanya kazi. Wa pili ulikuwa wa kumtambua mpiga kura siku ya kura. Huu uliporomoka tangu asubuhi. Vituo vingi ni madarasa yasiyo na umeme, hivyo betri zilikwisha; kwingine makarani hawakuwa na maneno ya siri ya kufungulia kompyuta. Kazi ikarudi kwenye sajili iliyochapishwa, rula na kalamu. Wa tatu ulikuwa wa kutuma matokeo kwa simu hadi kituo cha taifa cha Bomas, nao ukazidiwa, hata wasimamizi wa maeneobunge wakalazimika kusafiri na fomu zao mpaka Nairobi. Matokeo yalitangazwa tarehe 9 Machi.

Kuna kisa kimoja cha mwaka huo ambacho twapenda kukieleza polepole. Usiku wa kwanza, luninga zilionyesha kura zilizoharibika zaidi ya 300,000. Watu walishtuka, na walikuwa na haki, kwa sababu mshindi alihitaji zaidi ya nusu ya kura, na kama kura zilizoharibika zingehesabiwa katika jumla, nusu hiyo ingesogea. Baadaye Tume ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) ikaeleza kwamba programu ya kompyuta ilikuwa inazidisha kila kura iliyoharibika mara 8. Hesabu ya mwisho ilikuwa takriban 108,000. Kosa hilo liligunduliwaje? Kwa kurudi kwenye fomu zilizoandikwa kwa mkono. Fikiria kama fomu hizo zisingekuwapo.

Kidole kikikataa

Tangu mwaka 2017 kutambua wapiga kura na kutuma matokeo kumeunganishwa katika kifaa kimoja kidogo kiitwacho KIEMS, mfano wa simu kubwa. Hakipigi kura na wala hakihesabu kura. Twasisitiza hili kwa sababu tumesikia watu wakisema "kura zinaingia kwenye mashine." Kura inaingia kwenye sanduku.

Kidole hukataliwa kwa sababu za kawaida sana. Mchuma chai, mponda kokoto, fundi wa saruji na mama afuaye nguo za watu, hao wote michoro ya vidole vyao huchakaa. Vidole vya wazee hukauka. Jasho, vumbi na mafuta navyo huzuia. Basi pangusa mkono, jaribu tena, na omba kujaribiwa vidole vingine. Vikikataa vyote, karani ataandika namba ya kitambulisho chako katika kifaa. Picha na jina lako vikitokea, fomu iitwayo 32A hujazwa mbele ya mawakala, nawe unapewa karatasi zako za kura. Si hisani hiyo, ni utaratibu uliowekwa. Uje na kitambulisho kile kile ulichojiandikishia, kama ni cha taifa au pasipoti.

Kifaa chenyewe kikifa, msimamizi wa kituo huita kingine cha akiba. Ikishindikana kabisa, tume inaweza kuruhusu sajili iliyochapishwa. Ilifanya hivyo tarehe 9 Agosti 2022 katika vituo 235, vingi vikiwa Kakamega na Makueni. Saa zilizopotea mwanzoni hufidiwa mwishoni. Kawaida vituo hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni, lakini yeyote aliye kwenye foleni ifikapo saa 11 ana haki ya kupiga kura hata giza likiingia. Wengi huondoka kwa kutojua hivyo. Usiondoke.

Na kuna kosa dogo linalopoteza watu wengi kuliko mitambo. Kituo kimoja hakiruhusiwi kuwa na wapiga kura zaidi ya 700, kwa hiyo shule moja huweza kuwa na vituo vinne au vitano, kila kimoja na chumba chake, kwa kufuata herufi za majina. Mtu husimama saa tatu kwenye mstari wa jirani yake, akifika mbele aambiwe jina lake liko chumba cha tatu. Soma orodha ya mlangoni kabla ya kusimama.

Asiyeona au asiyejua kusoma anaweza kuja na msaidizi wake mwenyewe, mtu mzima anayemwamini, na msaidizi huyo huruhusiwa kumsaidia mtu mmoja tu. Asiye na msaidizi husaidiwa na msimamizi wa kituo mbele ya mawakala. Wajawazito, wazee, walemavu na akina mama wenye watoto wachanga hupishwa mbele, na vijana wetu wanaojua kusukumana kwenye foleni na wawapishe.

Karatasi ya mlangoni

Sasa tumefika kwenye jambo tunaloliona kuwa kiini. Kura za urais zikishahesabiwa palepale kituoni, msimamizi hujaza Fomu 34A. Mawakala hutia sahihi, hupewa nakala zao, na nakala moja hubandikwa mlangoni. Wakala asiyeridhika anaweza kuomba kura zihesabiwe tena, lakini si zaidi ya mara mbili. Akikataa kutia sahihi aandike sababu. Kukataa kwake peke yake hakuyafuti matokeo. Mwezi Juni 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba matokeo yaliyotangazwa katika eneobunge ni ya mwisho, na maafisa wa Nairobi hawana ruhusa ya kuyabadili.

Miezi miwili baadaye utaratibu huo ulijaribiwa. Siku chache kabla ya kura ya 8 Agosti 2017, Chris Msando, aliyesimamia teknolojia ya tume, alikutwa ameuawa. Tume ilisema vituo 11,155 havikuwa na mtandao wa kutosha, hivyo wasimamizi wake wangelazimika kusogea hadi mahali penye mawimbi. Usiku ule tarakimu zilimiminika kwenye skrini, lakini fomu zenyewe hazikuonekana. Mshindi alitangazwa tarehe 11 Agosti, na siku tatu baadaye maelfu ya Fomu 34A yalikuwa bado hayajafika. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga iliufuta uchaguzi wa urais, majaji wanne dhidi ya wawili. Iligusia fomu zisizo na alama za usalama, na pia kwamba tume haikuwa imetii amri ya kuifungulia mahakama seva zake. Kura ikarudiwa 26 Oktoba, na katika kaunti nne za Homa Bay, Kisumu, Migori na Siaya haikufanyika.

Kwa maoni yetu, kilichorekebishwa mwaka 2022 hakikuwa kompyuta ya bei kubwa zaidi. Tume iliacha kutuma tarakimu tupu na badala yake ikatuma picha ya kila Fomu 34A, ikaziweka kwenye tovuti iliyo wazi kwa wote. Vituo vilikuwa 46,229. Mwanafunzi wa Kisii au Kilifi aliweza kufungua picha ya fomu ya kijijini kwao na kuilinganisha na ile aliyoiona mlangoni. Matokeo bado yalizua ubishi, hata makamishna wanne kati ya saba wakajitenga nayo. Lakini kesi ilipofika Mahakama ya Juu palikuwa na kitu cha kupekua, na tarehe 5 Septemba majaji wote saba waliyathibitisha matokeo kwa kauli moja. Hayo ndiyo yaliyokosekana kwenye mlolongo wa 1988.

Mwaka huo pia ulituonyesha kwamba karatasi nazo zina ajali zake. Katika kaunti za Mombasa na Kakamega uchaguzi wa gavana uliahirishwa, na vilevile wa mbunge katika maeneobunge manne, mengi ya hayo yakiwa kwa sababu karatasi za kura zilikuja na picha au majina yasiyo ya wagombea wa mahali pale. Watu walipiga kura tarehe 29 Agosti. Hakuna wa kuiba hapo, ni uzembe wa kukagua mizigo mapema, ila mfanyakazi wa Mombasa ndiye aliyepoteza siku ya pili ya kibarua.

Wanaotaka kusaidia

Makundi ya kidini yamefanya kazi hii kwa miaka mingi. Baraza la Makanisa, Tume ya Haki na Amani ya Kanisa Katoliki na Baraza Kuu la Waislamu wamekuwa pamoja katika kundi la waangalizi la ELOG, ambalo mwaka 2013 liliweka watu katika vituo vilivyochaguliwa kwa sampuli, likalinganisha fomu zake na matokeo ya taifa. Anayetaka kuwa mwangalizi sharti awe na kibali cha tume. Kuvaa fulana ya parokia hakutoshi, wala kuingia kituoni na kumshauri mpiga kura si uangalizi.

Asiye na kibali naye ana la kufanya. Ndani ya kibanda usipige picha karatasi uliyoitia alama, ni marufuku. Kura zikishahesabiwa, rudi ukaipige picha fomu iliyobandikwa mlangoni, ukihakikisha namba ya kituo, jumla ya kura na sahihi zinasomeka. Andika saa. Kesi ya urais hufunguliwa katika siku 7 baada ya matokeo kutangazwa, na mahakama ina siku 14 za kuamua. Kwa viti vingine ni siku 28 za kufungua na miezi 6 ya kuamua. Siku 7 ni chache sana kwa wakili anayetafuta karatasi ya kituo kilicho ng'ambo ya mto.

Uchaguzi mkuu wa 2027 unaangukia Jumanne, 10 Agosti. Aliyehama, aliyebadili kitambulisho au ambaye jina lake liliandikwa vibaya afike ofisi ya tume ya eneobunge lake mapema, kwani sajili hufungwa kabla ya kura, na siku ya kura yenyewe karani hana uwezo wa kuandikisha mtu.