Fungua Mdomo, We Panya!

Panya akikatiza nyumbani kwangu, wa kwanza kushika fagio ni mimi. Kumbe wenzetu wanamheshimu! Mwaka 2009 wanasayansi walitangaza mnyama wa jamii ya panya aliyeishi Mbeya yapata miaka milioni 25 iliyopita: Kahawamys mbeyaensis. Sikutanii, kahawa na Mbeya zimo humo humo kwenye jina. Ni ndugu wa mbali wa ndezi.

Wanawatambuaje viumbe kama hawa? Meno, bwana! Ngozi huoza, mifupa husagika, lakini ganda la jino ni gumu kuliko kitu chochote mwilini. Magego yana vinundu na mikunjo, kila aina na ramani yake. Mtaalamu anachekecha mchanga, anaokota kijino kiduchu, anakitazama kwa hadubini.

Ila kuna mtego. Panya akizeeka jino hulika, ramani inafutika. Babu na mjukuu unaweza kuwaita aina mbili! Ndiyo maana hutafutwa meno mengi, mapya na yaliyolika, yalinganishwe. Ukikosea, umezua mnyama ambaye hakuwahi kuishi.

Jana nilishika fagio tena. Nikamtazama kwanza mdomoni. Akatoroka!