Ufundi wa Resini Nyumbani: Pima Sawasawa, Jikinge, na Uache Kombe Baharini

Kishika funguo chenye ua la asumini ndani yake. Kisahani cha kuwekea glasi kilichopambwa kwa vipande vya kifuu. Ubao wa mwarobaini ambao nyufa zake zimejazwa rangi ya bahari. Vitu hivi vyote hutengenezwa kwa resini ya epoksi, kimiminika kinachoganda na kung'aa kama kioo. Mkaazi wa Malindi, Watamu, Kilifi au Mtwapa anaweza kuanza ufundi huu nyumbani akiwa na meza moja na mizani ya jikoni, na wageni wanaonunua zawadi hawako mbali.

Hata hivyo, resini si gundi ya kawaida. Ikipimwa vibaya haigandi, na pesa za mwenyewe zimekwenda. Ikigusa ngozi mara kwa mara inaweza kuleta mzio wa maisha. Tena, kitu kikishaingia ndani yake hakitoki, kwa hivyo ni vyema kujua mapema ni vitu gani vya baharini ambavyo havifai kuchukuliwa.

Resini mbili zinazochanganywa na watu

Epoksi huuzwa ikiwa katika chupa mbili: moja ya resini yenyewe, na nyingine ya dawa ya kuigandisha, ambayo mafundi huiita hadena. Zikichanganyika, kemikali zake hushikana na kuwa kitu kimoja kigumu.

Mafundi wengi wa mashua katika Pwani hutumia resini nyingine, ile ya poliesta, pamoja na faiba. Hiyo ina harufu kali na hugandishwa kwa matone machache tu ya dawa. Epoksi haifuati hesabu hiyo. Aina nyingi huchanganywa kiasi sawa kwa sawa, au mafungu mawili ya resini kwa moja la hadena, kama lebo inavyoeleza. Anayetia matone machache kwenye epoksi atabaki na uji unaonata usioganda kamwe. Anayezidisha hadena akidhani itaganda haraka atapata matokeo hayo hayo. Kabla ya kulipa dukani, soma lebo uhakikishe ni epoksi, na kwamba chupa zote mbili ni za aina moja.

Mahali pa kazi na kinga

Kazi hii ifanyiwe barazani au kwenye chumba chenye madirisha wazi pande mbili. Jikoni na chumba cha kulala hapafai. Watoto wakae mbali mpaka kazi igande kabisa. Mama mjamzito na mtu mwenye pumu wasishughulike na resini ambayo bado ni majimaji.

Vaa glavu za naitrili, shati la mikono mirefu na miwani ya kukinga macho. Mzio wa epoksi huja polepole: mtu anaweza kufanya kazi miezi kadhaa bila shida, kisha siku moja ngozi ikaanza kuwasha na kututumka. Ukishaanza, kwa kawaida hauishi, na fundi hulazimika kuacha kazi. Resini ikidondokea ngozi, ifute kwa kitambaa kikavu, kisha osha kwa maji na sabuni. Usitumie petroli wala tina, kwa sababu hizo huipenyeza kemikali ndani zaidi. Ikiingia machoni, suuza kwa maji safi kwa dakika 15 na uende kituo cha afya mara moja, ukiwa na chupa yenye lebo.

Vumbi la resini wakati wa kupiga msasa nalo lina madhara. Tumia msasa wa maji na uvae barakoa ya kuzuia vumbi. Ile ya kitambaa haitoshi.

Kazi ya kwanza, hatua kwa hatua

Kisahani cha glasi au kishika funguo kinatosha kwa anayeanza. Meza kubwa isubiri.

1. Andaa kalibu ya silikoni iliyo safi na kavu, na uiweke mahali palipo sawa. Kama huna, mfuniko laini wa kopo la plastiki lenye namba 5 chini yake unaweza kutumika kwa majaribio, kwani epoksi haishiki vizuri kwenye plastiki hiyo.
2. Pima kama lebo inavyosema. Ikiwa vipimo vimetolewa kwa ujazo, tumia kikombe chenye mistari. Ikiwa ni kwa uzito, tumia mizani. Usichanganye njia hizo mbili, kwa sababu resini na hadena hazina uzito sawa.
3. Koroga polepole kwa dakika 3 hadi 5, ukikwangua pande na chini ya kikombe. Kukoroga kwa kasi huingiza viputo vya hewa.
4. Mimina tabaka jembamba. Aina nyingi za kawaida hazitaki kuzidi sentimita 1 kwa mara moja. Tabaka la pili lifuate la kwanza likishashika.
5. Funika kwa boksi ili vumbi na wadudu wasiingie. Iache saa 24 kabla ya kuitoa kwenye kalibu, na siku kadhaa zaidi kabla ya kuitumia au kuiuza.

Resini inayobaki usiimwage kwenye mtaro, chooni wala baharini. Iache igande, kisha itupe pamoja na taka ngumu.

Joto na unyevu wa Pwani

Maelezo mengi ya epoksi yameandikwa kwa nchi za baridi, na yanashauri kufanya kazi kwenye nyuzi joto kati ya 21 na 27. Mchana wa Malindi mara nyingi hupita hapo. Joto huharakisha kuganda, na resini nyingi ikikaa kwenye kikombe kimoja huchemka yenyewe, hutoa moshi na inaweza kuyeyusha kikombe. Changanya kidogo kidogo, asubuhi na mapema au jioni. Kikombe kikianza kuwa cha moto, kitoe nje na usikiinamie.

Unyevu wa hewa, hasa wakati wa masika, huacha utando kama mafuta juu ya kazi. Utando huo huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kabla ya kumimina tabaka jingine. Mbao, maua na vifuu navyo lazima viwe vikavu kabisa. Ua bichi huoza na kuwa jeusi ndani ya resini, na ubao mbichi hutoa viputo usiku kucha.

Cha kuweka ndani, na cha kuacha

Wachongaji wa Pwani wanalijua somo la malighafi inayokwisha. Kwa miaka mingi vinyago vilichongwa kwa mpingo na muhuhu, na muhuhu mwingi ulitoka msitu wa Arabuko-Sokoke. Miti hiyo ilipoadimika, wachongaji wengi waligeukia mwarobaini, mti unaokua haraka na uliojaa mitaani na mashambani. Vipande vya mwarobaini na vya mwembe vinavyobaki katika karakana za uchongaji ni malighafi nzuri kwa kazi ya resini. Vivyo hivyo vifuu, maua yaliyokaushwa, vipande vya kanga kuukuu, na vifuniko vya chupa vinavyookotwa ufukweni. Huko Watamu, kituo cha EcoWorld kimeonyesha kwamba plastiki za ufukweni zinaweza kuwa mali badala ya taka.

Viumbe vya baharini ni jambo jingine. Hifadhi za Bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka wa 1968, na ndani yake ni marufuku kuchukua kombe, matumbawe au kiti cha pwani, hata kama kimekufa. Kombe tupu huwa nyumba ya kaa, na likisagika huwa mchanga wa ufuo ule ule unaowaleta wageni. Kasa wote wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013. Kipande cha gamba lake ndani ya kishika funguo kinaweza kumfikisha mahakamani aliyetengeneza na aliyenunua. Kwa maeneo yaliyo nje ya hifadhi, uliza kwanza afisa wa uvuvi au ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Mikoko nayo isikatwe bila kibali cha Huduma ya Misitu (KFS).

Hesabu kabla ya kuuza

Kisahani cha duara chenye upana wa sentimita 10 na unene wa sentimita 1 hubeba takriban mililita 79, yaani karibu gramu 86 za mchanganyiko. Kilo moja, resini na hadena pamoja, itatoa visahani 10 hivi ukihesabu kinachobaki kikombeni. Gawanya bei ya kilo kwa 10, ongeza glavu, msasa, rangi na muda wako, ndipo upange bei. Vipande vya mbao au kifuu vikijaza nusu ya kalibu, gharama ya resini hupungua karibu nusu.

Mweleze mnunuzi ukweli. Epoksi ya kawaida hulainika ikiwekewa sufuria ya moto, na hugeuka manjano ikikaa juani muda mrefu. Usiuze sahani au ubao wa kukatia chakula isipokuwa lebo inasema wazi kwamba aina hiyo inafaa kwa chakula.

Anayetaka kufungua duka au kibanda anahitaji kibali cha biashara kutoka kwa kaunti. Maelezo hupatikana katika ofisi za kaunti ndogo na kwa msimamizi wa wadi yako. Kwa anayeanza leo, kipande kimoja kidogo kilichoganda vizuri kitamfundisha mengi kuliko meza nzima iliyoharibika.