Mzigo wa Vita: Kutoka Kichwani mwa Mpagazi Hadi Ndege

Ukitaja Kariakoo, watu hufikiria soko. Jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Katika vita hivyo, hapa Afrika Mashariki, chakula na risasi za askari vilibebwa kichwani. Mpagazi alichukua kama kilo 25, naye pia lazima ale. Safari ikiwa ndefu, mzigo uliishia matumboni mwa wabebaji. Waliokufa, wengi kwa maradhi na njaa, ni makumi ya maelfu.

Kizazi kilichofuata kilikuta mambo mengine. Mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa Keya (KAR), iliwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw, Burma. Ilikuwa msimu wa mvua za kusi. Barabara ziligeuka tope na magari yakakwama. Chakula kikaja kwa ndege.

Ndege iliyotegemewa zaidi ni Dakota, iliyobeba takriban tani mbili na nusu. Piga hesabu: hiyo ni mizigo ya wapagazi 100. Mchele na unga vilidondoshwa bila mwavuli, ndani ya magunia mawili mawili ili la ndani lisipasuke. Risasi na dawa zilishushwa kwa miavuli. Hariri ilipoadimika, Jenerali Slim aliagiza miavuli ishonwe kwa kitambaa cha magunia. Palipokuwa na uwanja, ndege ilirudi na majeruhi. Desemba 2, 1944, divisheni hiyo ikaingia Kalewa.

Lakini ndege peke yake si dawa. Novemba 1942 Warusi waliizingira Jeshi la Sita la Ujerumani mjini Stalingrad. Göring, mkuu wa jeshi la anga, aliahidi kuwalisha kutoka angani. Jeshi lilihitaji angalau tani 300 kwa siku, lakini zilizofika kwa wastani zilizidi 100 kidogo tu. Barafu, uhaba wa ndege na mizinga ya Warusi vilizuia zilizobaki. Viwanja vya Pitomnik na Gumrak vilipotekwa Januari 1943, mlango ulifungwa. Februari 2 masalia ya jeshi hilo yalisalimu amri, wengi wakiwa mifupa na ngozi.

Tofauti iko wapi? Huko Burma, Waingereza na Wamarekani walikuwa wamekwisha kuitawala anga, na viwanja vyao vya India havikuwa mbali. Tena walihesabu tani kabla ya kupeleka watu. Stalingrad ahadi ilitangulia, hesabu ikafuata.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Deni la Göring hakulilipa yeye; lililipwa na askari waliokuwa wakingoja mkate kwenye theluji.