Chaki na Bunduki

Katika mjadala wa chama chetu nilipewa kuunga mkono hoja kwamba walimu wabebe bunduki. Nilitetea hadi jasho likanitoka! Leo nawaeleza kwa nini nimegeuka.

Hoja hii ni ya Marekani. Mwaka 2018, watu 17 waliuawa kwa risasi katika shule moja ya Parkland, Florida. Tangu 2019, sheria ya jimbo hilo inamruhusu mwalimu aliyepata mafunzo kubeba bastola, wilaya yake ikikubali. Watetezi husema polisi wako mbali, mwalimu yuko karibu. Hilo ni kweli.

Lakini hebu tutazame. Parkland palikuwa na askari mwenye silaha, alibaki nje. Huko Uvalde, Texas, mwaka 2022, walifika askari zaidi ya 370, na bado zilipita dakika 77 kabla ya muuaji kuzimwa. Wanafunzi 19 na walimu 2 walikufa. Ikiwa askari walisita, je, mwalimu wa Hesabu?

Tena atamlenga nani? Wauaji wote wawili waliwahi kusoma katika shule zizo hizo. Mwalimu ampige risasi mtoto aliyemfundisha kusoma?

Na siku za kawaida, bastola itakaa wapi sisi tukisukumana mezani pake kusahihishiwa madaftari?

Mimi naomba mwalimu mwenye sikio, amtambue mapema kijana anayeumia kimyakimya. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.