Nani Aliyeupitisha Mchezo Anaoucheza Mwanao?

Mzazi akiuliza kama Roblox ni mchezo mwema au mbaya kwa mwanawe, hapati jawabu la kumtosha, kwa kuwa Roblox ni soko la michezo, na vibanda vyake huhesabiwa kwa mamilioni. Kampuni yenyewe ipo California, Marekani, na soko lake lilifunguliwa mwaka 2006 na David Baszucki na Erik Cassel. Michezo iliyomo hutungwa na watumiaji wenyewe, wengi wao vijana, wakaiweka hapo ili wenzao waicheze. Apitaye Kongowea alfajiri ajua kwamba soko lina mlango, lina wenye kutoza ushuru, na bado kila muuzaji huzipanga bidhaa zake apendavyo. Mtoto aweza kuanza kwa mchezo wa kulea wanyama, akahamia wa kuendesha mkahawa, kisha akaingia pahala ambapo mamake hangempa ruhusa ya kuchungulia, na muda wote huo jina lililo juu ya kioo cha simu ni lile lile.

Kwa hivyo twapendekeza swali jingine: mchezo huu hasa, anaoucheza sasa hivi, ni nani aliyeupitisha?

Wa kwanza kuupitisha huwa ni mashine. Picha, sauti na maandishi yanayopandishwa hukaguliwa na programu za kompyuta, na yale yenye shaka hupelekwa kwa wahakiki, ambao ni watu. Kisha huja lebo ya kumwongoza mzazi. Tangu mwaka 2024 Roblox imeigawa michezo yake katika madaraja manne, kuanzia ile isiyo na ukali wa kutajika hadi ile iliyozuiliwa isipokuwa kwa mtu aliyethibitisha umri wake. Mtoto wa chini ya miaka 9 hubaki katika madaraja mawili ya mwanzo, ila mzazi akiridhia aende juu zaidi. Utaratibu huu ni mzuri kuusoma. Lakini lebo hutokana na majibu ya mtunzi wa mchezo mwenyewe, anayejaza orodha ya maswali: je, mna damu? Mna vitisho? Mna kamari? Akaguliwaye ndiye ajazaye fomu. Bodi yetu ya Uainishaji wa Filamu huitazama filamu kwanza, ndipo ikaipa alama ya kuonwa na wote, ya uangalizi wa mzazi, ya miaka 16 au ya 18. Sokoni humu, mara nyingi kazi ya kutazama huanza baada ya mtu kulalamika.

Kwa jamii yetu jambo hili lina uchungu wake. Ijumaa ya tarehe 15 Machi 2019, mtu mwenye bunduki aliwaua waumini 51 katika misikiti miwili ya mji wa Christchurch, New Zealand, huku akiyarusha mauaji hayo moja kwa moja kupitia Facebook. Kampuni hiyo ilisema iliondoa nakala milioni 1.5 za video ile katika saa 24 za mwanzo. Wengi wetu twaikumbuka habari hiyo. Yasiyojulikana sana ni kwamba miaka iliyofuata watafiti na waandishi wa habari walikuta ndani ya Roblox, zaidi ya mara moja, michezo iliyoigiza mauaji yale, ambapo mchezaji huuingia msikiti akiwa katika nafasi ya muuaji. Huko Singapore nako, mwaka 2023, serikali ilieleza habari za kijana wa miaka 16 aliyekuwa akijiunga na michezo ya Roblox iliyotungwa kwa sura ya uwanja wa vita wa kundi la Dola ya Kiislamu. Chuki na upotofu, kila kimoja kilikuwa kimejipatia kibanda katika soko moja.

Kanuni za Roblox zinakataza yote mawili, na michezo hiyo ikigunduliwa huondolewa. Shida ni kwamba mchezo ulioondolewa leo waweza kurudi kesho kwa jina jingine na akaunti nyingine. Isitoshe, mashine inatafuta nini? Jengo jeupe lenye kuba na mazulia yaliyopangwa safu safu laweza kuwa limejengwa na mtoto wa Kiislamu anayejivunia msikiti wa mtaani kwao. Jengo lilo hilo laweza kuwa limejengwa na mtu mwenye nia mbaya. Tofauti imo katika yale anayotakiwa mchezaji kuyatenda baada ya kuvuka kizingiti, na hilo halionekani katika picha moja. Yahitaji jicho la mtu ajuaye anachokitazama: ajuaye mihrabu ni nini, na ajuaye ile Ijumaa ilikuwa Ijumaa gani.

Jicho hilo nalo lina gharama. Jijini Nairobi vijana kutoka nchi kadhaa za Afrika waliajiriwa na kampuni ya Sama kuihakikia Facebook maudhui yake. Mwaka 2022 mmoja wao, Daniel Motaung kutoka Afrika Kusini, alifungua kesi, na mwaka uliofuata wenzake zaidi ya 180 wakafungua yao. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba mwenye Facebook aweza kushtakiwa humu nchini. Ripoti ya daktari iliyowasilishwa mahakamani ilionyesha kwamba zaidi ya 140 miongoni mwao walikuwa na maradhi ya akili yatokanayo na kushuhudia mambo ya kutisha. Kesi hiyo haihusu michezo, nasi twaitaja kwa sababu moja. Tukidai kila mchezo utazamwe na binadamu kabla ya kumfikia mwanetu, ni haki pia tuulize ni mwana wa nani atakayeketi kuutazama, na atalipwa nini.

Ziko dola zilizochoka kungoja. Uturuki iliifunga Roblox Agosti 2024; Qatar na Kuwait zikafuata mwaka 2025. Hatuwalaumu. Hata hivyo kijana ajuaye kutumia VPN huuruka ukuta huo bila kutokwa na jasho. Kwa upande wake kampuni ilitangaza Novemba 2024 kuwa wa chini ya miaka 13 hawataweza kutumiana jumbe za faragha nje ya michezo, na kwamba mzazi ataweza kuiunganisha akaunti yake na ya mtoto. Mwaka mmoja baadaye ikatangaza kuwa anayetaka kuzungumza na wenziwe humo itambidi apimwe umri kwa kutazamwa uso. Kabla ya hapo umri ulikuwa ule alioandika mtoto mwenyewe, na sote twajua watoto huongeza miaka. Walakini, kuikabidhi kampuni sura ya mtoto si jambo la kuitikia kwa kubonyeza tu. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imeweka ridhaa ya mzazi au mlezi kuwa sharti la kushughulikia taarifa za mtoto, na ridhaa huwa na maana pale mtu alipoyasoma anayoyaridhia.

Kina mama walio na nafasi chache wafanye matatu haya: wafungue akaunti ya mzazi na kuiunganisha na ya mtoto, wapunguze daraja la michezo anayoweza kuifungua, na wayafunge mazungumzo na wageni. Mtoto atanuna siku mbili tatu.

Kwa mtoto apendaye kutunga kuliko kufyatua, tungependa ajaribu Scratch, iliyoanzishwa mwaka 2007 katika chuo cha MIT huko Marekani. Nayo ni pahala pa kushiriki michezo, lakini ilipangwa tangu mwanzo kwa ajili ya watoto. Haina jumbe za faragha. Maoni yote huwekwa hadharani, yakaonwa na kila mtu. Kila mchezo una kitufe cha kuripoti. Mtoto akiuchukua mchezo wa mwenziwe na kuubadilisha, jina la mtunzi wa kwanza hubaki limeandikwa, adabu ambayo hata baadhi ya watu wazima hawajaizoea. Kiswahili kimo katika lugha zake, na wadogo wa miaka 5 hadi 7 wametengenezewa yao, ScratchJr. Programu hupakuliwa bure, na ikishawekwa kwenye kompyuta hufanya kazi bila intaneti. Mtoto aweza kuutunga mchezo wake ukumbini, akawaonyesha nduguze, na kitufe cha kuushiriki na walimwengu kikakaa bila kubonyezwa mpaka babake au mamake atakapoutazama.